Kinasa Nje ya Kamera: Historia ya Kuhifadhi Picha za Video, Ikitazamwa kutoka Ufuo wa Ziwa Mweru

Ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, unaoanzia kusini penye vinamasi vya mto Luapula na kupita Nchelenge na Kashikishi hadi Chiengi, jirani na mji wa Pweto ambako maji ya ziwa hutoka na kuingia mto Luvua, umepigwa picha kwa muda mrefu na watu wa kila namna, lakini picha hizo, hasa zile zinazotembea, kwa sehemu kubwa hazikukaa huko. Sababu moja ilikuwa mamlaka, kwa kuwa wenye kamera walikuwa na ofisi zao mbali. Sababu nyingine, ambayo waandishi wa historia huipita haraka mno, ilikuwa tabia ya vyombo vyenyewe. Tangu mwanzo wa sinema, kuona kumekuwa rahisi kuliko kutunza kilichoonwa: lenzi iliendelea upesi, na chombo cha kuhifadhi kikaburuzwa nyuma yake, kikiwa kizito, ghali na chenye njaa ya umeme. Kinasa cha nje, yaani chombo kinachopokea picha kutoka kwenye kamera kwa njia ya waya na kuiandika katika diski yake chenyewe, ni tawi la hivi karibuni la historia hiyo ndefu, na mahali kama Kenani panasaidia kuieleza, kwa kuwa hapo ndipo upungufu wa kila chombo hujitokeza wazi.

Kenani ni kituo cha mpito cha wakimbizi katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Kilijulikana nje ya mkoa huo mwaka 2017, kuanzia mwisho wa Agosti, wakati maelfu ya watu walipovuka mpaka wakikimbia mapigano katika mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi wao wakitoka maeneo ya Pweto, Moba na Manono. Mwanzoni mwa mwaka 2018 walianza kuhamishiwa makazi ya Mantapala katika wilaya hiyohiyo. Kwa watu hao Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku, na kwa wenyeji wao Kibemba, ingawa Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa kando ya ziwa hilo. David Livingstone alipofika Mweru mnamo Novemba 1867, kisha akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani aitwaye Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameishi katika nchi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka huohuo mfanyabiashara mwingine wa pwani, Tippu Tip, alikuwa akipigana na chifu Nsama katika nchi ya Itawa, mashariki ya ziwa. Lugha hizo mbili zitakutana tena katika historia hii, safari hii juu ya sahani za santuri.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, katika nchi ya Tanganyika (sasa Tanzania Bara), liliendeshwa jaribio la sinema za elimu lililojulikana kwa kifupi kama BEKE, chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni na kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Wasimamizi wake wa kazi, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walitengeneza filamu fupi za upana wa milimita 16 kuhusu minyoo, kilimo, mifugo, kodi na akiba ya posta, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kilicho muhimu hapa ni namna walivyoshughulikia sauti. Filamu za wakati huo ziliweza kubeba sauti pembeni mwa utepe wa picha, lakini kufanya hivyo kuligharimu sana, na kungelazimisha nakala mpya kwa kila lugha. Kwa hiyo waliamua kuiacha picha iwe bubu na kuirekodi sauti peke yake, katika sahani, hivi kwamba picha ileile ingeweza kusindikizwa na maelezo ya Kiswahili mahali pamoja na ya Kibemba mahali pengine. Uamuzi huo uliozaliwa na ufukara ulikuwa na akili kuliko sehemu kubwa ya maudhui ya filamu zenyewe, ambazo zilimwona Mwafrika kama mwanafunzi wa milele. Lakini uliacha tatizo ambalo kila fundi wa kinasa cha nje analijua hadi leo, nalo ni la kuhakikisha kwamba mashine mbili zilizotengana zinakwenda pamoja, bila moja kuitangulia nyingine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hiyo ilichukuliwa, kwa upande wa Rhodesia zote mbili na Nyasaland, na Kitengo cha Filamu cha Afrika ya Kati kilichoanzishwa Salisbury mwaka 1948. Kitengo hicho kilipendelea filamu ya rangi ya Kodachrome, yenye rangi nzuri kweli, lakini ambayo usafishaji wake ulihitaji kemikali na mitambo ya kampuni iliyoitengeneza, kwa hiyo aliyepigwa picha kijijini hakuwa na njia ya kuiona sura yake mpaka utepe uende mbali na kurudi, kama ungerudi. Sauti, kwa upande wake, ilianza kukaribia watu. Kituo cha redio cha Lusaka, ambacho mwaka 1949 kilianza kutangazia wasikilizaji wa redio ndogo ya betri iliyopewa jina la sufuria, kilituma gari lenye mitambo ya kurekodia katika vijiji, na mwanamuziki Alick Nkhata akawa miongoni mwa walioipa kazi hiyo sifa. Upande wa pili wa mpaka, mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, akiimba kwa Kiswahili cha Katanga. Gari zima la kurekodia sauti, lenye betri zake na fundi wake, ndilo lililokuwa kinasa cha nje cha zama hizo.

Katika sinema ya kawaida utengano huo ulikuja kuwa kanuni. Mhandisi Stefan Kudelski, Mpolandi aliyeishi Uswisi, alitengeneza mwaka 1951 kinasa-sauti cha kubebeka kilichoitwa Nagra, na katika miongo miwili iliyofuata mtengeneza filamu yeyote aliyejiheshimu alikuwa na mtu wa kamera na mtu wa Nagra, na kibao cha kugonga mbele ya lenzi ili mlio na picha vipatanishwe baadaye mezani. Video nayo ilipoanza kutoka studio, ilianza ikiwa imetengana. Mwaka 1967 kampuni ya Sony ilitoa mtambo ulioitwa Portapak, ambao ulikuwa na kamera mkononi na mashine ya kurekodi iliyoning'inia begani, zikiunganishwa kwa kebo. Utepe wake ulidumu dakika 20 hivi, na katika toleo la kwanza ulirudishwa mwanzo kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Vyumba vya habari vya televisheni katika miaka ya 1970 vilitumia kanda kubwa za U-matic kwa mtindo huohuo, mpiga picha akiwa amefungwa kwa waya na mwenzake aliyebeba mashine, wakitembea hatua moja katika umati, jambo ambalo kila aliyelifanya alilichukia. Ndiyo maana mtambo wa Betacam wa mwaka 1982, uliounganisha kamera na kinasa katika chombo kimoja cha begani, ulipokewa kama ukombozi, na kwa robo karne watengenezaji wote wakaamini kwamba suala hilo lilikuwa limekwisha.

Kwa wananchi wa kawaida wa Afrika Mashariki na Kati, suala hilo lilikuja kwa sura ya VHS. Kamera za begani zilizomeza kanda nzima ya VHS zikawa chombo cha harusi, ubatizo na mazishi kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi, na biashara ya mpiga video ikasimama juu ya deki mbili: moja ikicheza kanda ya asili, nyingine ikirekodi nakala kwa ajili ya shangazi, mchungaji na mfadhili wa karamu. Deki hiyo ya pili ilikuwa kinasa cha nje kwa namna yake, ingawa hakuna aliyeiita hivyo, na ndiyo iliyowafundisha mafundi wa mitaani somo ambalo wahandisi walilijua kwa hesabu, kwamba kila nakala ya mawimbi ya umeme hupoteza kidogo: rangi nyekundu huvuja nje ya mipaka ya gauni, kingo hulegea, na nakala ya nakala hufanana na kitu kilichoonekana kupitia pazia.

Kanda ilikuwa bado inatawala Pweto ilipoanguka mikononi mwa waasi wa Kongo mnamo Desemba 2000, askari na raia wakamiminika ng'ambo ya mpaka, na makambi ya Kala huko Kawambwa na Mwange huko Mporokoso yakajaa. Waandishi wa televisheni wa wakati huo walifanya kazi kwa kanda, kubwa za Betacam au ndogo za dijitali, na mara nyingi kanda hiyo ya pekee iliondoka mkoani pamoja na mwandishi. Kanda ndogo za dijitali, zilizotokea mwaka 1995, zilikuwa zimekwisha kuleta jambo jipya, kwani kupitia waya ulioitwa FireWire namba zilezile zilizoandikwa kwenye kanda zingeweza kuhamishwa kwenye kompyuta bila kupungua hata moja. Katikati ya miaka ya 2000 yakatokea masanduku madogo yenye diski ndani, kama FireStore, yaliyopokea namba hizo moja kwa moja kutoka kwenye kamera wakati wa kurekodi. Kwa hiyo wazo la kinasa cha nje lilifufuka kabla ya waya wa HDMI kuingia katika kazi hiyo.

Kilicholifanya wazo hilo kuwa la lazima ni kamera ya picha za mnato. Mwaka 2008 Nikon ilitoa D90 na Canon ikatoa EOS 5D Mark II, kamera za wapiga picha za magazeti na harusi ambazo sasa ziliweza kuchukua video, na kwa kuwa kihisi chake, yaani bapa linalogeuza mwanga kuwa umeme, kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko cha kamera za video za bei hiyo, sura iliyotoka ilikuwa na ulaini wa sinema. Lakini tumbo la kamera hizo halikuumbwa kwa video. Kadi ya 5D Mark II iliandikwa kwa mpangilio usiokubali faili kuzidi gigabaiti 4, ambazo zilijaa kwa dakika 12 hivi, na mhubiri yeyote wa Luapula au Katanga anayejua kazi yake huwa bado anasalimia waumini dakika hizo zikiisha. Kamera nyingine zilizofuata ziliwekewa mpaka wa dakika 29 na sekunde 59, si kwa sababu za kiufundi bali za forodha, kwa kuwa katika Umoja wa Ulaya chombo kilichoweza kurekodi dakika 30 au zaidi kilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru wa juu. Hivyo kanuni ya ushuru iliyoandikwa kwa ajili ya bandari za Ulaya ikawa inakatiza mahubiri na ngoma katika nchi zisizo na sauti katika kanuni hiyo.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi ingawa halikuonekana haraka. Picha ya video yenye nukta 1920 kwa 1080, ikichukuliwa fremu 25 kwa sekunde na kupewa biti 16 kwa kila nukta, hutoa megabiti 830 hivi kila sekunde, ilhali 5D Mark II iliandika kwenye kadi yake megabiti 40 hivi tu. Tofauti hiyo huondolewa kwa kubana, yaani kwa kanuni za hesabu zinazotupa kile ambacho jicho halitarajiwi kukikosa: habari za rangi hupunguzwa, na sehemu za fremu zinazofanana na fremu iliyotangulia haziandikwi upya. Kanuni hizo hufanya kazi vizuri sana kwa mtu anayezungumza mbele ya ukuta mweupe.

Ziwa, hata hivyo, si ukuta mweupe. Uvuvi wa chisense, dagaa wadogo ambao wameshika soko la Kashikishi tangu samaki wakubwa kama mpumbu walipopungua, hufanyika usiku kwa taa zinazowavuta samaki kwenye wavu, na mandhari hayo yamejaa kila kitu kinachoushinda ubanaji: viwimbi vinavyobadilika katika kila fremu, hivi kwamba hakuna sehemu inayofanana na iliyotangulia, wavu wenye matundu madogo, magamba yanayong'aa kwa nukta moja moja, na giza pana linaloizunguka taa, ambamo kamera iliyonyimwa biti huchora miraba mieusi na ngazi za kijivu badala ya usiku. Anayetazama picha za namna hiyo kwenye simu huenda asigundue lolote, lakini mhariri anayejaribu kulipandisha giza hilo kidogo ili uso wa mvuvi uonekane hukuta kwamba chini yake hakuna kitu, kwa kuwa kamera ilikwisha kuamua kwamba hapakuwa na kitu cha kutunza. Hapo ndipo penye hoja ya kinasa cha nje, nayo ni hoja ya mhariri kuliko ya mtazamaji.

Njia ya kuifikia picha kabla haijabanwa ilikuwa tayari ipo ubavuni mwa kamera, ingawa iliwekwa kwa shughuli nyingine. HDMI, ambayo vipimo vyake vya kwanza vilitangazwa Desemba 2002 na kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips, Hitachi na Toshiba, ilibuniwa ili kuunganisha deki na televisheni kwa waya mmoja unaobeba picha na sauti kama namba, bila kubana. Kamera ziliwekewa tundu hilo ili familia ijitazame sebuleni baada ya karamu. Kwa kuwa ilikuwa njia ya kutazamia, watengenezaji hawakuona ubaya kupitisha humo kila kilichoonekana kwenye kioo cha nyuma cha kamera: alama ya betri, mraba wa kulengea, nukta nyekundu ya kurekodi. Mafundi walichokihitaji ni kile walichokiita HDMI safi, picha tupu bila maandishi, nacho kilipatikana polepole. Nikon D800 ilikuja nacho mwaka 2012, na Canon ikakiongeza katika 5D Mark III kwa programu mpya mwaka 2013.

Upande wa pili wa waya, kampuni ya Atomos ya Melbourne ilianza kuuza kinasa chake cha Ninja mwaka 2011, na Blackmagic, ambayo pia ni ya Melbourne, ikatoa chake mwaka huohuo. Vyombo hivyo vilipokea picha kutoka HDMI na kuiandika katika diski ya kompyuta ndogo, na Ninja iliiandika kwa mpangilio wa ProRes ambao Apple iliutangaza mwaka 2007, unaobana kwa upole na kuifanya kila fremu ijitegemee, hivyo kompyuta ya kawaida iweze kuihariri bila kuhema. Kwa ubora wa juu wa mpangilio huo, saa moja ya picha huchukua gigabaiti 83 hivi. Mwaka 2014 utengano ulifika mbali zaidi, Sony ilipotoa kamera ya A7S ambayo kihisi chake kiliona gizani kuliko kingine chochote cha bei yake, na ambayo ilitoa picha za nukta 3840 kwa 2160 kupitia HDMI lakini haikuweza kuziandika yenyewe. Kamera bora zaidi kwa taa za chisense ilikuwa, kwa picha za ukubwa huo, jicho lisilo na kumbukumbu.

Mzigo uliohamishwa kutoka kamera haukupotea, bali ulimwangukia mpiga picha. Plagi ya HDMI haina kufuli, na ile ndogo kabisa inayotumika kwenye kamera nyingi hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo mtu anayefanya kazi ndani ya mtumbwi huifunga kwa kibanio au utepe wa gundi, akijua kwamba ikichomoka kwa nusu sekunde faili itakatika. Kinasa kinataka betri zake chenyewe, na betri zinataka umeme, huko Zambia, ambako ukame wa mwaka 2024 ulishusha maji ya Kariba na kuuacha mgawo wa umeme ukimeza sehemu kubwa ya siku. Diski nazo hujaa. Mtengeneza filamu Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyeitoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, aliifuta kazi yake ya asili ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, na kilichobaki hadi leo, kikitazamwa na mamilioni ya watu duniani, ni nakala iliyobanwa yenye sauti ya mtangazaji juu yake. Hesabu ya gigabaiti 83 kwa saa ingemlazimisha kufuta mapema zaidi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba picha zilizosambaa kutoka Kenani mwaka 2017 na 2018, zile za foleni za maji, za mahema meupe, za watoto wakipimwa, zilikuwa za aina mbili zisizokaribiana. Aina ya kwanza ilichukuliwa kwa ajili ya taarifa za mashirika na televisheni, ikiwa safi na imepangwa, na ikahifadhiwa katika ofisi zilizoko mbali na Luapula, kama Kodachrome za Salisbury kabla yake. Ya pili ilichukuliwa kwa simu na wakimbizi wenyewe, ikabanwa na simu, ikabanwa tena na programu ya ujumbe, kisha ikabanwa mara nyingine ilipofika kwa ndugu wa Lubumbashi au Ndola, na kupoteza katika kila hatua kama nakala za deki mbili zilivyopoteza. Kihistoria aina hii ya pili ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa inaonyesha kile ambacho wenyewe waliona kinafaa kuonyeshwa, na ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Kinasa cha HDMI chenyewe sasa kinasogezwa pembeni. Ubora uliokuwa wake peke yake umeanza kuingia ndani ya kamera, na Nikon na Panasonic ziliweka ProRes ndani ya baadhi ya kamera zao mwanzoni mwa miaka ya 2020. Waliobaki nacho wengi wanakithamini kwa kioo chake kikubwa kinachoonekana juani kuliko kwa diski yake. HDMI imepata kazi nyingine makanisani, ambako tangu milango ilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, kamera mbili au tatu huunganishwa kwa waya huo kwenye kisanduku cha kuchanganyia picha kinachotuma ibada mtandaoni na kuirekodi papo hapo, bila mpaka wa dakika 12 wala 29. Na simu, chombo kilichodhaniwa kuwa kimeunganisha kila kitu, imerudia utengano wa zamani: iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 huweza kuandika ProRes moja kwa moja katika diski ya nje iliyochomekwa kwa waya wa USB, kwa sababu kumbukumbu yake ya ndani haitoshi kwa kile inachoweza kukiona. Diski hiyo ya nje haihitaji betri wala kioo, hununuliwa mara moja na kutumika katika kamera, simu na kompyuta, na bei yake ni ndogo kuliko ya kinasa chochote kilichotangulia. Mpiga video wa Kashikishi anayerekodi Mutomboko, sherehe ya Mwata Kazembe huko Mwansabombwe kila mwisho wa Julai, anaweza kumwachia mwenye sherehe nakala kamili siku hiyohiyo na kubaki na yake.